Zabibu za Bibi wa Kibakwe

Enzi zetu za ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka ya Dodoma yakaanza kujaa sabuni na mitumba, safari ilikuwa sikukuu. Usiku wa kuamkia hatulali. Asubuhi tunachanwa nywele mpaka machozi yanatoka, miguu inang'aa mafuta ya mgando. Na lazima mama apitie kwa wauza zabibu, anunue tenga la kumpelekea mama yake, bibi yetu wa Kibakwe. Sisi kuonja, marufuku.

"Hizi zina mwenyewe," alikuwa akisema.

Mwaka ule mjomba alimtumia baba salamu kupitia mfanyabiashara wa vitunguu: bibi anaumwa, njooni. Mama akanunua zabibu nyingi kuliko siku zote, maana bibi akiumwa hakutaka kingine. Baba, ambaye kila safari alilalamikia mizigo, safari hii alilibeba tenga mwenyewe.

Tulipopita Kongwa vumbi lilikuwa likiingia kila tundu la basi. Mama akavua mtandio wake akalifunika tenga, yeye akabaki na vumbi kichwani. Mpwapwa, tulipobadilisha gari, tukakutana na jirani yake bibi anauza mihogo ya kuchemsha.

"Mama anakula?" mama akamuuliza.

Yule jirani alimtazama baba kwanza. "Anajitahidi, dada."

Basi mama akachangamka. Milima yote ile tuliipanda akitusimulia utoto wake, anacheka.

Kibakwe tulikuta uwanja umejaa watu. Wanawake wakaja kutupokea kwa vilio. Mama alimgeukia baba.

"Ulijua?"

"Nilitaka ufike salama," baba alisema.

Kesho yake, baada ya mazishi, mama aliwagawia watoto wa msibani zabibu zote. Yeye hakuonja, na hakununua tena maisha yake yote.

Siku hizi vijana wetu wanasafiri wameinamia simu. Waulize wamepita wapi, watakuambia chaji iliishia wapi. Na msiba unafika kabla ya chozi. Mama, aliyerudi kwao uzeeni, alipofariki huko huko Kibakwe, nilikuwa Ipagala, hapa Dodoma, nakunywa chai. Kundi la ukoo kwenye simu likaleta picha yake, mshumaa, na namba ya kutuma rambirambi. Hakuna aliyekuwa amenipigia.

Nikaifuata njia ile ile nikijua kila kitu. Kwa wauza zabibu nilisimama, nikakumbuka sina wa kumpelekea. Miaka mingi nilimlaumu baba kwa uongo ule. Siku hiyo niliumia, nikatamani nipate mtu mmoja tu wa kunidanganya mpaka Kibakwe.