Msafara Uliokuwa Bado Unafunga Mizigo

Nilikwenda Iringa kwa sababu baba mdogo alitaka jibu, na jibu lenyewe sikuwa nalo.

Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba yangu, ni mwalimu mstaafu mwenye presha ya macho. Jicho la kushoto limeshazima. La kulia linamruhusu kusoma kurasa chache asubuhi, jua likiwa zuri, na daktari amemwambia litaendelea kupungua. Alinitumia kwa basi riwaya nene ya kihistoria, iliyopata tuzo na kusifiwa na kila mtu anayejua kusifu. Kwenye simu akaandika: "Nitangulie. Macho yangu yamebaki ya kitabu kimoja. Soma, uje uniambie kama ni hiki."

Mimi nina kibanda cha kutoa kopi Ilomba, Mbeya. Shule niliishia kidato cha nne, mengine nimejisomea. Kwa hiyo sijawahi kuacha kitabu katikati. Aliyesoma chuo akikiacha, kitabu ndicho kibaya. Mimi nikikiacha, nitaamini hadi nazikwa kwamba sikukielewa.

Riwaya inahusu msafara wa wapagazi wanaotoka bara kwenda pwani. Nasema wanaotoka, lakini nilikuwa nimevuka ukurasa wa mia na arobaini na walikuwa bado wanafunga mizigo.

Alfajiri, stendi ya Mbeya. Nilikaa dirishani nikafungua kitabu. Mnyapara wa msafara alikuwa anakagua kamba. Dereva wetu alikuwa anasubiri abiria. Nikaona afadhali, tulikuwa sawa.

Tulipopita Uyole niligundua nimesoma ukurasa mzima nikiwaza kama nimefunga kibanda. Nikarudi mwanzo wa sura. Ndiyo tabia yangu. Nadhani mwanzo wa sura ya pili nimeusoma mara nyingi kuliko aliyeuandika.

Kabla ya Chimala, jirani yangu, Msukuma anayefuga ng'ombe huko Usangu, aliniuliza, "Dogo, una mtihani?"

"Hapana, ni hadithi tu. Ya msafara."

"Wamefika wapi?"

"Hawajaondoka."

Alikipima kitabu kwa macho. "Hicho chote?"

"Wanafunga mizigo."

"Sisi tulihama na ng'ombe kutoka Shinyanga mpaka hapa," akasema. "Mama alifunga mizigo asubuhi, mchana tuko njiani. Hao wana mizigo gani?"

Nilianza kumweleza kuhusu kamba. Chimala ikafika, akashuka katikati ya wauza mchele bila kungoja mwisho wa maelezo yangu. Sikumlaumu.

Makambako kulikuwa na baridi, nikafunga vioo na kuandaa uongo. Nilipata sentensi nzuri: "Ni kitabu kinachodai subira." Niliirudia mpaka Mafinga, ndipo nikakumbuka kwamba haikuwa yangu. Imeandikwa nyuma ya jalada.

Mchana tulipanda mlima kutoka Ipogolo, nikafika Kihesa. Mama mdogo, mke wa baba mdogo, alinipokea kwa salamu ya Kihehe, "Kamwene" mbili, na ugali. Kisha akarudi kwenye mkeka wake kupukuchua mahindi. Baba mdogo hakuningoja nimalize kula.

"Enhe. Ndicho?"

Nilifungua kinywa kutoa ile sentensi. Yeye alikuwa amegeuza uso kidogo pembeni, ili jicho la kulia linipate. Sentensi ikakataa kutoka.

"Sijui, baba. Kinanichosha. Lakini huenda ni mimi."

"Kinakuchosha au hukielewi?"

"Tofauti yake ndiyo siijui."

"Nisomee. Popote."

Nilisoma pale mke wa mpagazi anapompimia mumewe unga wa njiani. Anaweka kibaba, anakitoa, anakirudisha, kwa sababu hakuna anayejua safari itachukua miezi mingapi. Nilisoma polepole nikiogopa kukosea. Baba mdogo akainamisha kichwa, nikadhani amelala.

"Unakielewa," akasema, macho yamefumbwa. "Asiyeelewa hapumziki pale ulipopumzika. Umechoka tu, na mimi nimechoka. Sikipi jicho langu."

Akaagiza aletewe kitabu kingine, chembamba, kilichong'oka jalada, alichokuwa akiwasomea darasa la sita. Nikajisikia mwepesi. Nikaifunga riwaya.

"Unafunga nini?" mama mdogo akauliza kutoka mkekani. "Huyo mama unga ameweka au hajaweka?"

"Mama, hao watu hawajaondoka tangu kitabu kianze," baba mdogo akamwambia.

"Waondoke waende wapi bila unga? Wewe hujawahi kujifungia mzigo hata siku moja, utajuaje." Kisha kwangu: "Mikono yangu ina kazi, masikio hayana. Soma, baba."

Nikasoma. Mahindi yalipokwisha akaenda kuleta mengine, na sidhani yalikuwa ya siku hiyo.

Asubuhi ya kurudi nilimwachia mama mdogo riwaya mezani. Alinifuata nayo mpaka getini. "Sasa nani atanisomea, huyu? Nenda nacho. Utanitumia kwa simu, kwa sauti."

Tangu nirudi Ilomba, kabla ya kufungua kibanda narekodi kipande na kumtumia. Nikikosea neno naanza upya, sijapona. Majibu yake nayo huja kwa sauti, na nyuma namsikia baba mdogo: "Muulize kama ile kamba imekatika." Anasema hasikilizi, anasoma chake.

Nilichojifunza ni kwamba mtu anaweza kuelewa kitabu vizuri na bado akakiacha. Ningekuwa peke yangu ningekiacha, na ningelala usingizi.

Wiki iliyopita msafara uliondoka. Ni sura nzuri, ina mto na mvua, na niliisoma bila kuhesabu kurasa zilizobaki. Nikaituma. Jioni mama mdogo akajibu:

"Nimesikia, baba. Mbona sasa wanakimbia?"