Mkojo wa Kuazima

Fidelisi wa mtaa wa Msamala alikuwa na mambo mawili ya kuringia: hajawahi kuonja pombe, na hajawahi kulala hospitali hata siku moja. Basi ni hayo hayo mawili yaliyokuja kumvuruga mwaka 2005, mpaka akawa anasimama katikati ya matofali yake anajiuliza maswali kwa sauti.

Alikuwa fundi wa matofali ya kuchoma, mtu wa kijiji cha Maposeni aliyehamia mjini, miaka arobaini na saba, shingo kama kisiki. Kwaya anaimba besi, ukuta unatetemeka. Na mfuko wa shati lake haukosi karatasi iliyokunjwa, ndani yake chumvi. Parachichi chumvi, muhindi wa kuchoma chumvi, maharage chumvi juu ya chumvi. Mkewe, Otilia, alishachoka hata kumuuliza.

Sasa huyo Otilia alikuwa na mdogo wake, Erasmus, dereva. Dereva mzuri kweli, ila pombe ya komoni nayo anaijua. Miaka ile mabasi ya watu binafsi yalikuwa yanaongezeka kila kukicha, na tajiri mmoja alikuwa anatafuta madereva. Usaili Erasmus kapita. Kilichobaki fomu ya daktari tu, apimwe Jumatatu asubuhi. We fikiria, Jumapili yake kulikuwa na harusi Namtumbo, na Erasmus ndiye aliyeimaliza mitungi ya pombe.

Jumatatu hiyo kumekucha tu, huyo hapo kwa Fidelisi, macho mekundu.

"Mlamu, nisaidie. Wanasema pombe inaonekana kwenye mkojo."

"Sasa mimi shemeji yako nifanyeje? Nikutapishe?"

"Niazime wako."

"Mkojo unaazimwaje, we Erasmus?"

"Mtu hunywi, huvuti, huumwi! Mkojo wako hata padri angeutamani. Wa malaika kabisa."

Fidelisi akisifiwa analainika. Wakaenda wote zahanati. Erasmus akapewa kikopo, akazunguka nyuma chooni, na Fidelisi naye huyo nyuma, kama mtu aliyeshikwa ghafla. Dakika mbili, kazi imekwisha.

Saa moja baadaye Erasmus akatoka kwa daktari uso umenuna.

"Umenipa mkojo mbovu."

"Wangu?"

"Una protini! Kidogo tu, lakini ipo. Kile kijiti wanachochovya kilikuwa njano, kikawa kijani. Fomu hajasaini. Anasema labda nina homa au nimefanya kazi nzito, nirudi baada ya wiki."

Fidelisi akasimama pale pale njiani. Protini? Si ndiyo ile ya darasa la tano, ya maharage, inayojenga mwili? Sasa mtu kuwa nayo ni kosa? Mwalimu alikuwa anawahimiza waile!

"Umezidisha maharage," Erasmus akamtolea hukumu. "Wiki hii usiguse."

Basi wiki nzima Fidelisi akasusa maharage. Akala ugali na majani ya maboga, na kwa sababu majani hayana ladha, chumvi ikaongezeka. Otilia akauliza mmegombana nini na maharage yangu, hakujibiwa.

Jumatatu ya pili, kikopo, choo, kijiti. Kijani tena.

Safari hii Erasmus alitoka kapoa. "Mlamu, yule Daktari Judica kaniuliza kama kwetu kuna mtu amekufa ghafla. Anasema hiyo protini kidogo inaweza kuwa dalili ya mapema ya ugonjwa wa moyo."

"Moyo? Tumempa mkojo, yeye anasema moyo?"

"Na mimi nilishangaa. Presha kanipima mimi, nzuri kabisa. Hata yeye amechanganyikiwa."

Fidelisi akaweka mkono kifuani. Ulikuwa unadunda kama jana na juzi. Mtu anabeba matofali kumi na mawili kichwani, anaimba besi, halafu mkojo wake unakwenda kumsema vibaya kwa wageni?

"Basi nirudi nipimwe mimi mwenyewe."

"Ee mlamu, ngoja kwanza! Sura yako wanaijua pale. Ukisema wewe, mimi nimekwisha. Nimeshampata Swalehe fundi redio, Mwislamu safi, pombe haijui, tutakwenda zahanati nyingine. Nipe mwezi mmoja tu nikishike kile kiti cha dereva, halafu ukapimwe mpaka uchoke."

Mwezi mmoja. Fidelisi akakubali, maana ni shemeji. Lakini kila akipanda tanuru anasimama katikati, anasikiliza kifua. Anapanda, anasikiliza. Siku ya tatu Otilia akamkuta kasimama na tofali mkononi kama sanamu.

"Baba Aurelia, una nini?"

Akamwaga yote: kikopo, kijiti, Swalehe. Otilia alicheka kwanza, akacheka mpaka akakaa chini. Fidelisi alipofika kwenye habari ya moyo, kicheko kikakatika.

"Kanawe miguu."

"Tunaenda wapi? Erasmus atakosa kazi!"

"Ni mdogo wangu, nimembeba mgongoni. Mabasi yapo tele, atapata. Wewe nikikuzika, mwingine namtoa wapi? Kanawe miguu nimesema."

Kule zahanati Daktari Judica, dada wa watu kutoka Kilimanjaro, mpole, akamwamkia. "Shikamoo baba. Si wewe ulimsindikiza Erasmus?"

"Marahaba. Nilimsindikiza." Akamtazama Otilia. "Daktari, ule mkojo wa Erasmus ni wangu."

Daktari akaweka kalamu chini. "Mara zote mbili?"

"Mara zote mbili."

Akamfunga kipimo mkononi, akapima presha. Akamwambia apumzike, akapima tena.

"Kichwa kinauma? Pumzi inakatika?"

"Wala."

"Baba, presha yako mia moja na tisini kwa mia moja na kumi. Iko juu sana."

"Sasa mbona sisikii?"

"Wengi hawasikii. Chujio la chai ukilitumia sana linalegea, jani moja moja linapita. Chai unakunywa vizuri tu, lakini chujio limeanza kuchoka. Figo ni chujio la mishipa midogo sana. Presha inaumiza mishipa yote, hata ya moyo. Ya moyo hatuioni, ila ile ya figo ikivuja kidogo, tunaiona kwenye kikopo."

Fidelisi akafikiria. "Kwa hiyo moyo wangu unaumwa?"

"Bado hatujui. Unaweza kuja kuumwa."

"Sasa nimekuja kutibiwa ugonjwa nisio nao?"

Daktari akacheka. "Ndiyo hivyo hivyo, baba." Akanyoosha kidole. "Na hiyo karatasi mfukoni?"

"Chumvi."

"Iweke mezani."

Alipoulizwa kuhusu Erasmus, Daktari Judica akatikisa kichwa. Fomu haisaini kwa mtu aliyemdanganya. "Halafu mwambie, hapa kwenye mkojo pombe hatupimi kabisa. Hatuna hicho kipimo."

Kabla mpango wa Swalehe haujatimia, kile kiti akapewa mtu mwingine. Kwa hiyo ikawa Erasmus ndiye anayebeba matofali tanuruni, na Fidelisi anapanga, maana daktari alimkataza mizigo mpaka presha ishuke. Kidonge kila asubuhi, Otilia kasimama mbele yake mpaka kimezwe.

Siku moja mchana akawaletea ugali na maharage. Fidelisi akamega tonge, mkono wa pili ukakimbilia mfukoni, ukakuta kitambaa kitupu. Akamtazama shemeji yake, jasho na vumbi jekundu mpaka kwenye kope.

"Erasmus, ungekuwa hunywi, mimi nisingepimwa. Na usingemdanganya daktari, ungekuwa na kazi. Nimewaza wiki tatu sipati jibu. Hivi nikushukuru au nikupige?"

"Amua haraka, mlamu," Erasmus akasema, anavuta sahani upande wake. "Maharage yanapoa."