Mwokaji Mikate Anayebisha Hodi Dukani Kwake

Kunapambazuka. Mwokaji mikate amesimama nje ya duka lake mwenyewe, anagonga mlango.

"Nani?" sauti inauliza kutoka ndani.

"Mwenye tanuri!" anajibu, akicheka.

Anayemfungulia ni binti wa kaka yake, mikono imejaa unga. Binti huyu mtu mzima analala chumba cha juu ili awahi kukanda na kuwasha tanuri.

Zamani ufunguo ulikuwa mmoja tu, na ulikaa kwa mwokaji, shangazi yake. Kila jioni akienda kwake, alimfungia binti kwa nje.

"Niliogopa wezi. Mama yangu naye alitufungia hivyo hivyo," anasema.

Asubuhi moja mikate ikaungua, moshi ukajaa. Binti akapiga kelele, majirani wakavunja kufuli. Polisi walipofika, shangazi akachukuliwa kwa tuhuma za usafirishaji haramu wa binadamu: amemtoa mtu kwao, amempa makazi, amemfungia, anamfanyisha kazi.

"Mimi? Nimuuze damu yangu? Jamani!"

Mtaa mzima ukawa bunge. Fundi viatu wa jirani aliwaka: "Sheria ikiwa pana hivyo, mashangazi wote wataishia ndani!"

Muuguzi, mteja wa kila siku, hakukubali hata kidogo. "Na ikibanwa sana, kila anayefungia watu atasema yeye ni shangazi," alimjibu. Wawili hao wanabishana hadi leo, mikate mkononi.

Wachunguzi walimhoji binti peke yake. Aliwaambia analipwa, ana simu yake, na huenda kwao apendapo. Kesi haikufunguliwa. Shangazi alikaa chini palepale kwenye korido ya kituo cha polisi, akalia kwa furaha bila kujali nani anamtazama.

Wakiwa njiani kurudi, binti akamwambia: "Shangazi, hujaniuza. Ila mlango ulikuwa umefungwa kweli. Siku ile nilijua nakufa."

"Loo! Hayo yaliniingia kuliko maswali yote ya polisi," anasema mwokaji, sauti ikishuka.

Siku hiyohiyo alimwita seremala, akaweka komeo la ndani, ambalo binti pekee ndiye hulifungua. Sasa ana mpango wa kuzunguka kwa waokaji wenzake wote wanaolaza wafanyakazi dukani, awashawishi wafanye vivyo hivyo.

Na binti akipitiwa na usingizi, je?

"Nitangoja hapa nje," anasema, akijifunga kanga vizuri. "Yeye alishangoja sana kule ndani."