Posa Iliyosubiri Seli

Jean de Dieu Munyaneza alikuwa karani wa forodha miaka ishirini na sita, na alipostaafu watu wa Gisenyi, mji wa mpakani kando ya ziwa, walimpa kazi nyingine bila kumuuliza: msemaji wa familia kwenye posa. Sauti yake nzito, maneno hayamwishi, na anajua kumzungusha msemaji wa upande wa pili mpaka huyo mwenzake acheke. Kwa hiyo Akaliza, binti wa marehemu kaka yake, alipopata mchumba, hakuna aliyeuliza nani atasema.

Lililomchosha ni huyo Akaliza mwenyewe. Alifanya kazi katika maabara moja ya utafiti Kigali, na tarehe ya posa ilikuwa imesogezwa mara mbili kwa ajili yake. Mara ya kwanza alisema seli zake ziko siku ya tisa, haziwezi kuachwa. Mara ya pili zimekufa, anaanza upya. Halafu Ijumaa, mahema yameshafungwa uani na viazi vimeshaletwa kutoka Bugeshi, akapiga simu.

"Baba mudogo, kesho nitafika, lakini nitachelewa kidogo. Mwenzangu wa kazi ameshikwa na malaria, na seli zitagawanyika asubuhi."

"Zigawanyike tu! Zinaomba ruhusa yako?"

"Sikiliza, bon. Mi naangalia seli shina, ile ambayo bado haijajua itakuwa nini. Ndani yake iko mitokondria, vile vitu vidogo vinavyoipa seli nguvu. Seli ikishagawanyika, mitokondria zikiungana, mara nyingi inabaki seli shina vilevile. Zikibaki vipande vipande, inaelekea kuwa seli ya ubongo. Iko saa chache tu za kuona hiyo. Nikikosa, kazi ya miezi mitatu imepotea."

"Na mi niwaambie watu nini?"

"Uwazungushe. Si ni kazi yako?"

Akakata. Jean de Dieu alibaki ameshika simu, akamgeukia shemeji yake Cansilde, mama wa binti. "Umezaa mutu wa namna gani?"

"Kichwa ni cha kaka yako," Cansilde alijibu, akaendelea kupanga sahani.

Jumamosi wageni walifika saa nne kamili, na si kawaida. Upande wa Shema, mchumba, ulikuwa umekulia Tanzania, na nusu ya wageni wa Cansilde walivuka mpaka asubuhi kutoka Goma, hivyo ilikubaliwa maneno yasemwe kwa Kiswahili. Msemaji wao, Mzee Harerimana, alikuwa mwalimu mstaafu, Kiswahili chake kimenyooka kama kamba ya mahema.

Jean de Dieu akaanza. Alijifanya hawajui. Akasema wamekosea nyumba. Akataka wataje babu zao, na walipowataja akadai hakusikia vizuri. Akaulizia afya ya ng'ombe wa mahari, mmoja mmoja. Kila baada ya hatua mbili aliangalia simu mfukoni. Saa sita ukaingia ujumbe: "Bado. Moja ndiyo imeanza." Alitamani kuitupa simu ziwani.

Saa saba mvua ikaanza kupiga juu ya hema, na Mzee Harerimana akasimama.

"Ndugu yangu, tumeomba, mmekubali. Ng'ombe tumewataja mpaka rangi. Sasa tunaomba tumwone binti."

"Binti anajitayarisha."

"Tangu saa nne?"

Watu wakacheka. Maneno, yasiyowahi kumwishia, yalikuwa yamekwisha.

"Hayuko," akasema. "Yuko Kigali, anaangalia seli."

Shema aliinamisha kichwa. Yeye alijua tangu jana. Na Jean de Dieu, kwa hasira, akaeleza yote kama alivyoelezwa: seli isiyojua itakuwa nini, mitokondria zinazoungana au kubaki vipande, saa chache zisizorudi. Alieleza kwa mikono, akiunganisha vidole na kuvitenganisha, akijichukia kwa kila neno.

"Kwa hiyo binti ametuacha kwa ajili ya kitu kisichoonekana kwa macho?" Mzee Harerimana aliuliza.

"Donc ndiyo! Na mi nimekasirika kukupita!"

Ndipo bibi mmoja wa upande wa wageni, shangazi yake Shema aitwaye Kamikazi, akanyoosha mkono, jambo ambalo wanawake hawafanyi katikati ya posa.

"Mzee wangu nyumbani amenisahau jina," alisema. "Daktari anasema seli za ubongo zinakufa. Hizo za binti yenu zitamsaidia?"

Jean de Dieu alishusha mikono. "Sijui, mama. Nadhani hata yeye hajui bado."

"Basi mwacheni aangalie," bibi akasema, akaketi.

Mzee Harerimana naye akaketi.

Akaliza alishuka kwenye gari saa kumi na moja jioni, amevaa suruali na viatu vya mpira. Cansilde alimvuta ndani kabla hajasalimia mtu. Alipotoka na mushanana yake, vazi la sherehe, vigelegele vikapigwa, chakula kikagawiwa kimepoa, na tarehe ya harusi ikapangwa. Baba yake mdogo akamfuata.

"Haya. Zimekuwa nini?"

"Moja inaelekea kuwa ya ubongo. Mbili zimebaki seli shina. Ya nne hadubini iliipoteza."

"Nne? Nimeaibika mbele ya watu kwa seli nne?"

"Nne ni nyingi, Baba mudogo."

Alitaka kumjibu, lakini Akaliza alikuwa ameshaenda kuketi kando ya bibi Kamikazi, akimwunganishia vidole na kuvitenganisha, taratibu. Mpiga picha akaita familia. Akaita tena. Jean de Dieu akasimama mvuani karibu na mahali pa picha, mikono kiunoni, akisubiri Akaliza amalize.