Kisu Nilichokichagua Mwenyewe

Mpaka leo najikasirikia. Wakati wa maasi, vita vilipokaribia Uvira, familia nne za mtaa wetu zilinituma ninunue kisu kikubwa cha kukatia miti ya vibanda huko milimani tulikotaka kukimbilia. Mhunzi wa Nyakabere alinionyesha kimoja cheusi, alichokifua kwa springi ya lori. Nikamcheka: "Chuma miye ninakijua!" Nikaenda bandarini Kalundu, nikanunua kingine chenye kung'aa, tena rahisi zaidi.

Kule juu Mulenge mvua ilitukuta bila paa. Nikapiga mwanzi wa kwanza mbele ya wote. Kisu kikapinda, mng'ao wake ukabanduka, likaonekana bati la debe.

Mama mkwe, mjukuu akimtetemekea mgongoni, akaniuliza, "Mukwe, ile chuma yako unayojua, iko wapi?"