Msimu Niliomwandikia Bibi Mahubiri

Msimu ule ulinuka majani ya mkaratusi yaliyochemshwa. Kuanzia alfajiri, kila nyumba mtaani kwetu Tunduma ilikuwa na sufuria yake jikoni: mkaratusi, majani ya mlimao, tangawizi iliyopondwa, vitunguu saumu. Watu walijifunika blanketi juu ya mvuke, wakatoka wamelowa jasho, macho mekundu, wakisema kifua kimefunguka. Mvuke huo ulichanganyika na moshi wa dizeli, maana malori yaliyosubiri kuvuka kwenda Zambia yalikuwa yamejipanga kando ya barabara kuu mpaka macho yakachoka kuyahesabu, na madereva walikuwa wakipika ugali chini ya matela kana kwamba wamehamia hapo. Shule zilikuwa zimefungwa. Nilikuwa darasa la saba, mwaka wa mtihani, na badala ya kukesha na vitabu nilishinda nikikata mpira wa barakoa kwa mkasi wa Mama.

Mama alikuwa fundi cherehani. Hakuna aliyeleta kitambaa cha gauni la harusi wala la kipaimara wakati ule, kwa hiyo aligeuza mabaki yote ya vitenge kuwa barakoa, nyingine akauza sokoni, nyingine akapeleka kanisani ziwekwe mlangoni kwa wasio nazo. Baba alikuwa mpakiaji wa mizigo mpakani, na mizigo iliposimama naye alisimama, akawa anafagia uwanja mara mbili kwa siku. Aliyebaki na shughuli zake zote ni Bibi, mzaa mama, aliyehamia kwetu kutoka Nanyala baada ya Babu kufariki. Kanisani walimwita Bibi Nanyala. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye mgongo ulionyooka kuliko wa Mama. Kila Jumamosi yeye na rafiki yake, Mama Ambokile, walifua vitambaa vya madhabahuni katika beseni lisilotumika kwa kitu kingine chochote, wakavipiga pasi ya mkaa mpaka mikunjo yake ikawa kama ya karatasi. Na kila Jumapili alikaa benchi la kwanza, upande wa kushoto, akitazamana na mimbari. Nyumbani tulijua kwamba masikio yake ni mazito. Ulipaswa kumgusa bega kabla ya kusema naye. Lakini ukiwa mbele yake alijibu kila neno, tena kwa haraka na kwa ukali kidogo, hivyo nilidhani ni uzee tu, kama magoti yake.

Makanisa hayakufungwa, ila kanisa letu la Anglikana lilibadilika. Mlangoni palikuwa na ndoo ya koki na kipande cha sabuni kilichofungwa kwenye wavu wa vitunguu. Mabenchi yalichorwa alama za chaki, watu watatu badala ya saba, isipokuwa wa nyumba moja walioruhusiwa kukaa pamoja. Ibada moja ikawa mbili. Madirisha yaliachwa wazi, na honi za malori ziliingia katikati ya sala kama waumini wasio na adabu. Ulipofika wakati wa kupeana amani, ambapo zamani tulizunguka kanisa zima tukishikana mikono mpaka Padre akohoe kutuita, sasa tuliweka kiganja kifuani na kuinamiana. Kwenye Meza ya Bwana tulipokea mkate peke yake. Shule ya Jumapili ilisimamishwa, na sisi watoto tukaketi na wakubwa.

Jumapili ya kwanza ambayo Padre Yona alihubiri akiwa amevaa barakoa, ya kitenge cha bluu aliyoshonewa na Mama, alitua katikati ya mahubiri ili afute miwani iliyoingia ukungu. Kanisa lilikuwa kimya. Ghafla Bibi akasimama, peke yake, akaunganisha mikono, akaanza kwa sauti kubwa, kama tufanyavyo mahubiri yakiisha, "Namwamini Mungu mmoja..." Aliendelea kwa maneno mengi, kwa sauti ile ya mtu asiyejisikia mwenyewe, kabla hajatambua kwamba hakuna anayemfuata. Watoto wa benchi la nyuma walianza kucheka. Nami nilicheka. Nilikuwa ubavuni pake, nimeinamisha kichwa, mabega yakinitikisika, nikidhani barakoa imenificha. Bibi aligeuka akatazama kanisa zima, nyuso nusu nusu, kisha akanitazama mimi. Akaketi.

Jumapili iliyofuata alisema mguu unamuuma, akabaki nyumbani. Iliyofuata tena, kichwa. Watu hawakuchelewa kuunganisha mambo, na wahenga walishasema lisemwalo lipo, kama halipo linakuja. Jirani aliyekuwa akichota maji bombani kwetu alianza kwenda mtaa wa pili na ndoo yake. Wateja wa barakoa walipungua. Nani anunue barakoa katika nyumba yenye mgonjwa? Mama alimpima Bibi joto la mwili kwa kiganja asubuhi na jioni. Hakuwa na homa. Alikuwa tu anakaa uani, mgongo kwenye ukuta, akichambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa.

Siku moja nilitoka dukani na barakoa yangu usoni, nikapitia jikoni kuchukua sinia la vikombe. Bibi alikuwa amenipa mgongo. Nikajikwaa kizingitini, na sinia zima likaanguka kwenye saruji. Kuku walitawanyika. Dereva mmoja upande wa pili wa ukuta alipiga kelele kuuliza kuna nini. Bibi hakugeuka. Aliokota jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa, akaendelea. Nilizunguka mbele yake nikamwuliza kwa sauti kama ameumia. Alinitazama machoni kama mtu anayetazama mlango uliofungwa. Hapo kuna kitu kiliniambia nivue barakoa. Niliivua, nikasogeza midomo tu, bila kutoa sauti hata kidogo: "Bibi, unanisikia?"

"Nakusikia. Kwa nini nisikusikie?"

Alisoma uso wangu, akaelewa nilichofanya, na mikono yake ikasimama juu ya ungo.

Aliniambia mambo ambayo Mama mwenyewe alikuwa akiyajua nusu. Akiwa mama kijana kule Nanyala alipatwa na homa kali, akalala wiki nyingi, na alipoamka dunia ilikuwa imenyamaza, imebaki mngurumo tu kama wa maji ya mbali. Alijifunza midomo ya watu mmoja mmoja. Benchi la kwanza, ambalo kanisa zima lilidhani ni la heshima yake, lilikuwa sikio lake. "Usimwambie mtu," alisema. "Mtu akijua husikii, anaanza kusema juu ya kichwa chako kama vile wewe ni mtoto au mbuzi."

Nilikaa na siri hiyo siku tatu, na ilinikaa vibaya. Mficha maradhi kifo humuumbua, na nilikuwa naona jinsi Bibi alivyokuwa akipungua, anakula nusu ya sahani, analala mchana. Siku ya nne Padre Yona alipita mtaani akiwajulia hali wagonjwa, na mimi nikamkimbilia barabarani nikamwaga yote, hata kicheko changu.

Alikuja siku ileile jioni. Hakuingia, alisimama langoni, hatua tano au sita kutoka alipokaa Bibi, akashusha barakoa chini ya kidevu. "Shikamoo Bibi," alisema taratibu, akiumba kila neno.

Bibi aliitikia, kisha akanigeukia. "Sekela. Umeniuza."

"Hajakuuza," Padre alisema. "Mimi ndiye wa kulaumiwa. Miaka minne nakuhubiria uso kwa uso na sijakufahamu. Jumapili nitavua hii kitu mimbarini. Njoo tu."

"Usivue," Bibi alijibu mara moja. "Wewe una watoto wadogo nyumbani, na mbele yako tumekaa wazee watupu. Ukivua kwa ajili yangu, nitakaaje pale?"

"Basi nikusaidieje, mama yangu?"

Bibi alipukuta maganda kutoka kwenye kanga yake, akanyoosha kidole bila kunitazama. "Huyu aliyenicheka ndiye atakayeniandikia."

Nilitaka ardhi ipasuke. Padre alifunika mdomo kwa barakoa haraka, na hata leo naamini alikuwa anaficha tabasamu. Kisha, pale pale langoni, akaishusha tena, akamwongozea Bibi ibada fupi nzima bila kufungua kitabu, midomo yake ikiwa wazi kwenye mwanga wa jua la jioni. Bibi aliitikia kila mahali panapostahili.

Kwa hiyo nilirudi benchi la kwanza na daftari la hisabati lililobaki kurasa nyingi, pamoja na penseli mbili. Sala hazikuwa kazi. Bibi alikuwa na Kitabu cha Sala chake, nami nilitembeza kidole mstari kwa mstari. Kazi ilikuwa mahubiri. Jumapili ya kwanza Padre alihubiri karibu nusu saa, na mimi niliandika: "Anasema tusiogope." Bibi alisoma, akasubiri, akageuza ukurasa kuona kama kuna mengine. Nje, baada ya ibada, aliniuliza, "Muda wote ule alikuwa anarusha mikono, ni hilo tu?" Jumapili ya pili niliandika kurasa mbili. Baada ya miezi miwili nilikuwa naandika kurasa tano, kwa maandishi yaliyolala kama nyasi kwenye upepo, na nilijifunza kuacha maneno ya kujazia na kushika yenye uzito. Hakuna mwalimu aliyenifundisha hivyo kabla wala baada. Wakati mwingine Bibi alipiga mstari chini ya jambo asilokubaliana nalo, na baada ya ibada akamwendea Padre akiwa na daftari mkononi, akabaki ng'ambo ya mstari wa chaki uliochorwa sakafuni, Padre akashusha barakoa, wakabishana. Watu waliona, wakauliza, na Bibi mwenyewe aliwaambia. Jirani alirudi na ndoo yake bombani bila kuomba radhi, na Mama alimpokea bila kuidai.

Halafu ikaja Jumapili ambayo Mama Ambokile hakuwepo. Alikuwa anaugua kwa siku chache. Tuliambiwa ni kifua, na ndivyo tulivyosema sote siku zile, kifua, bila kuongeza. Bibi alikatazwa kwenda kumwona. Jumamosi akafua vitambaa vingine nyumbani kwetu, vingine vikabaki kwa rafiki yake kama walivyogawana. Baada ya mahubiri Padre Yona alisimama kutoa matangazo. Alishika ukingo wa mimbari, akasema kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo Mama Ambokile ametutoka.

Penseli yangu ilisimama. Nyuma yetu wanawake walianza kulia, kilio kilichozibwa na vitambaa. Bibi alikuwa ananitazama. Niliandika, "Wanaombea wagonjwa." Alisoma. Akageuka akatazama kanisa, na sasa alikuwa amekwisha kujifunza kusoma macho, maana hakubakishiwa kingine. Alipogeuka tena aliweka kidole kwenye karatasi, chini ya uongo wangu.

"Andika," alinong'ona.

Niliandika jina, na neno moja baada ya jina. Bibi alilitazama kwa muda mrefu. Nilitegemea angepiga yowe, kwa kuwa ndivyo tulivyolia misiba kwetu, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alichukua penseli mkononi mwangu na, kwa mwandiko wake wa duara wa shule ya zamani, akaandika, "Lini?" Nikajibu, "Usiku." Akaandika tena, "Nani amepiga pasi kitambaa cha leo?" Nikatazama madhabahuni. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa kwa mikunjo ileile ya karatasi. Nikaandika kwamba lazima ni yeye mwenyewe, kabla hajazidiwa. Bibi alisoma, akafunga daftari, akaliweka kifuani, na hapo ndipo alipolia, bila sauti, kichwa chake begani pangu. Hakuna aliyetukataza kukaa karibu. Tulikuwa watu wa nyumba moja.

Mazishini tuliruhusiwa wachache. Bibi alisimama mbali kama tulivyoagizwa, nami nikaandika kila kilichosemwa, hata majina ya wajukuu. Ukurasa huo aliuchana kwa uangalifu, akauweka ndani ya Kitabu chake cha Sala. Jumamosi iliyofuata aliniita uani, akanionyesha jinsi ya kusuuza kitambaa mara tatu na kumwaga maji ya kwanza ardhini, si kwenye mtaro, maana yamebeba chembe za Meza ya Bwana. Nilishika upande mmoja, yeye upande wa pili, tukakamua.

Sasa nasoma chuo Mbeya, na hurudi Tunduma wakati wa likizo. Barakoa zimetoweka, Mama anashona magauni ya harusi mpaka vidole vinamvimba. Malori bado yamejipanga, ila yanasogea. Wakati wa amani tunashikana mikono na kukumbatiana mpaka Padre mpya, kijana, anakohoa kutuita. Kanisa lina spika kubwa zinazotikisa vioo, na ni nadra kumsikia mtu akitaja msimu ule. Ukiutaja, watu husema "aisee, tumetoka mbali," kisha huhamia kwenye bei ya mbolea. Bibi yupo, mgongo umeanza kupinda. Ana msichana wa darasa la sita anayemwandikia, maana midomo ya Padre huyu mpya bado hajaizoea, na aliniambia bila kumung'unya maneno kwamba huyo ana mwandiko mzuri kuliko wangu na haruki maneno.

Krismasi iliyopita niliketi benchi la kwanza upande mmoja wa Bibi, na yule msichana upande wa pili. Spika zilinguruma. Simu yangu ilitetemeka mfukoni, nikaichungulia mara moja, kisha mara ya pili. Tulipokuwa tukienda nyumbani, Mama, ambaye alikuwa amebaki jikoni, alituma ujumbe kuuliza Padre amehubiri nini. Nilifikiri, nikatafuta, sikupata hata sentensi moja ya kumjibu. Ikabidi nimguse Bibi bega, nisimame mbele yake, nimwulize. Aliniangalia kidogo, akanishika mkono, na tukitembea taratibu kando ya malori alinisimulia yote, mwanzo hadi mwisho.