Picha Niliyokataa Kuiunganisha

Tusipotezeane muda. Haikuwa usiku, sikuwa nimelala, wala sikuwa na homa. Jua lilikuwa linachoma mabati ya Chang'ombe na viwanda vinanguruma kama siku zote. Anayetaka kusema niliota aseme, mie nimeshazoea. Lakini nilichokiona nilikiona kwa jicho langu la kulia, la kushoto nikiwa nimelifumba, na sitakibadilisha ili kumfurahisha mtu.

Kazi yangu ni kupiga picha. Nina studio ya chumba kimoja, pazia la kijivu na kiti cha mbao, kati ya banda la chapati la Mama Rahma na karakana ya kukereza vyuma. Picha za paspoti napiga kwa kamera ya dijitali. Ila vijana siku hizi wamerudia kupenda picha za mkanda, nyeusi na nyeupe, na kwa hao nina kamera nyingine, ya zamani, isiyo na hata betri. Ukichungulia kwenye kidirisha chake unamwona mtu wako, na katikati pana doa hafifu linalokuonyesha taswira yake ya pili, imekaa pembeni kidogo. Unazungusha lenzi kwa kidole mpaka taswira mbili zinakuwa moja. Zikiungana, umempata, piga. Zisipoungana, picha itatoka na ukungu.

Lenzi yenyewe ndiyo inayolaumiwa na kila mtu, kwa hiyo niieleze. Marehemu baba alikuwa na kamera ya zile zinazojitafutia umbali zenyewe, wewe kazi yako kubonyeza tu. Umeme wake ulikufa, lakini vioo vilibaki safi kuliko lenzi yoyote niliyowahi kushika. Sikukubali viende jalalani. Nikampelekea Mushi, fundi wa ile karakana jirani. Akavichomoa, akavikerezea nyumba mpya ya shaba inayokaa kwenye kamera yangu, akatia na pete ya kuzungusha kwa mkono. Alirudiarudia mpaka ikakaa sawa. Mie nikaijaribu kwenye kuta, kwenye nguzo za umeme, kwenye sura za majirani. Kila kitu kiliungana. Hilo naomba ulishike, maana watakuambia Mushi alikosea.

Basi, alasiri moja akaingia baba mmoja, mtu mzima, amevaa kaunda suti ya kahawia iliyopigwa pasi ikanyooka, viatu havina vumbi. Viatu havina vumbi, Chang'ombe, kando ya barabara ya malori! Hapo tu nilipaswa kujiuliza.

"Shikamoo," nikamwamkia.

Hakusema marahaba. Naye akaniambia, "Shikamoo," taratibu, kwa lafudhi ileile yangu. Nikacheka. Nikadhani mzee ana utani.

"Nataka picha moja," akasema. "Ya uso. Iwe wazi."

Nikamkalisha, nikachukua ile ya dijitali. Ikaanza kulia zii, zii, lenzi inakwenda mbele, inarudi nyuma, inatafuta, haishiki. Nikabonyeza hivyohivyo. Pazia la nyuma yake lilitoka hadi nyuzi zake, yeye akatoka kama moshi. Nikajaribu simu. Yaleyale.

"Usijisumbue," akasema, wala hakuonyesha kukereka. "Mashine zinazojitafutia hazinipati. Nimezunguka studio nyingi. Ninahitaji mkono wa mtu." Akanyoosha kidevu kuelekea rafuni, ilipokuwa kamera ya zamani. "Ile."

Sasa niambie, wewe ungemfukuza? Mteja ametulia, anaongea kwa heshima, na kati ya vyote ameichagua lenzi uliyoihangaikia. Sikufichi, nilijisikia fahari.

Nikafumba jicho, nikachungulia. Taswira mbili, kama kawaida. Nikazungusha pete. Mgongo wa kiti ukaungana. Miguu ya kiti ikaungana. Yeye akabaki wawili. Nikazungusha tena, kidogo kidogo, na ile taswira ya pili ikaanza kumsogelea, na kadiri ilivyosogea ndivyo ilivyozidi kukolea. Ndipo nikaona haikuwa imevaa kaunda suti. Ilivaa gauni la kitenge cha kijani, lenye maua meupe mabegani.

Gauni hilo nilikuwa nimelivaa mie.

Niamini au usiniamini, aliyekuwa kwenye lile doa ni mimi mwenyewe. Nimekaa kwenye kiti cha wateja, mikono mapajani, naitazama kamera. Na huku nimesimama na kamera usoni, nilianza kuuhisi ubao wa kiti mgongoni mwangu. Sakafu chini ya miguu sikuihisi tena.

"Endelea, dada." Sauti haikutoka mbele, kwenye kiti. Ilitoka sikioni kwangu, pale pale niliposimama. "Bado kidogo. Ziunganishe."

Watu wananiuliza kama niliogopa. Woga ulikuja baadaye, nikiwa nyumbani. Pale nilipandwa na hasira. Studio yangu, kamera yangu, vioo vya baba yangu, halafu mtu anakuja kunitaka nijitoe mwenyewe, kwa kidole changu mwenyewe?

"Siunganishi," nikasema.

"Kidogo tu. Hutaumia."

"Nimesema siunganishi! Toka!"

Akauliza, na safari hii sauti ilikuwa yangu kabisa, ina majonzi: "Sasa mie nitakaa wapi?"

Nitakuambia ukweli, hapo ndipo nilipokaribia kupotea. Lile swali liliniingia. Kidole changu kilikuwa kinataka kumsaidia. Nikakaza meno, nikaizungusha pete kwa upande wa pili, kwa nguvu, mpaka ikagota. Taswira zikaachana. Miguu yangu ikakanyaga sakafu. Niliposhusha kamera, kiti kilikuwa kitupu.

Mlangoni alikuwa amesimama Mama Rahma, mikono ina unga.

"We binti, unamfokea nani?"

"Huyo baba aliyetoka sasa hivi."

"Baba gani? Nimekuona wewe. Umekaa hapo kwenye kiti cha wateja, umenyooka kama sanamu. Nimekuita, hukuitika."

"Na kamera ilikuwa wapi, Mama Rahma?"

Akatazama pale niliposimama, akarudi nyuma hatua. "Kulikuwa na mtu anakupiga picha. Sura sikuiona. Nilidhani mgeni wako."

Mie kitufe sikukibonyeza. Nitaapa popote. Lakini nilipousafisha ule mkanda nilikuta picha moja. Ni mimi, kwenye kiti, mdomo wazi katikati ya kelele. Upande wa kulia wa uso unaweza kuhesabu kope. Upande wa kushoto ni ukungu.

Na ndivyo nilivyobaki. Kwenye harusi ya mdogo wangu kila picha imenitoa nusu. Nilipokwenda kupigwa ya kitambulisho, dada mpiga picha alihangaika mpaka akaniomba nigeuke pembeni. Shavu la kushoto ni la baridi hata joto la Januari likipamba moto.

Mushi, maskini, anajilaumu, anataka nimrudishie lenzi aikereze upya. Nimemkatalia. Kama kosa ni lake, mbona kiti kiliungana? Kaka yangu, mzee wa kanisa, anasema niitupe baharini. Mama Rahma aliniletea kombe, maji ya dua. Nimeombewa, kombe nimekunywa, na kesho nina wateja wa picha za mkanda. Lenzi ni ileile. Kamera ya kubonyeza tu, kama ingempata, ingemaliza kazi bila kuniuliza. Hii ilisubiri niamue, na niliamua. Kwa nini mie ndiye niondoke kwenye studio yangu?

Wewe unayesoma, hata kama picha zako ni za simu tu, sikiliza. Ukiona mashine inatafuta, inatafuta, haimshiki mtu aliyekaa mbele yako, iweke chini. Usijifanye unajua kazi kuliko mashine. Akikuomba kwa upole, kataa. Akikulilia, kataa. Na akianza kulia kwa sauti yako mwenyewe, kataa kwa kelele majirani wasikie, maana hapo amebakiza kidogo sana.